Geji ilisema imejaa: kisa cha skuta iliyokuwa ikizima kilimani

Aliyenipigia simu hakuwa mwenye skuta. Alikuwa mwanawe, na swali lake nalisikia karibu kila wiki: "Fundi, nimwekee mama betri za ukubwa gani ili isizime tena?" Nikamuuliza zilizomo zina umri gani. Miezi saba. Na zilizotangulia? Zilidumu mwaka na kidogo. Basi suala halikuwa ukubwa. Betri hazifi mapema mara mbili mfululizo kwa mkosi tu. Kuna kitu kinaziua, na ukileta kubwa zaidi kitaziua na hizo, tofauti ni kwamba utakuwa umelipa zaidi.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna makosa ya watu watatu: mama, mwanawe na mimi. La mama ndilo dogo kuliko yote.

Mashine na njia yake

Skuta yenyewe ni ile ya kukalia, magurudumu manne, usukani na kikapu mbele, inayotumiwa na watu ambao miguu imeanza kuwagomea. Mama ana miaka 68. Magoti yake yanamruhusu hatua ishirini au thelathini kwa fimbo, kisha lazima akae. Chini ya kiti kuna betri kavu mbili za volti 12, ampea-saa 36 kila moja (ndicho kipimo cha chaji inayobebwa), zimeungwa mfululizo kutoa volti 24. Kijitabu kinaahidi kilomita 35. Safari yake ya kawaida ni kilomita 9 kwenda na kurudi: kliniki, kisha kwa mdogo wake, kisha nyumbani. Njia yote ni tambarare isipokuwa kipande kimoja wakati wa kurudi, kilima cha mita 300 hivi, kwenye kilomita ya saba.

Hapo ndipo ilipokuwa ikizima.

"Shikamoo mama," nilimwambia nilipofika.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumtazama mwongo?" Mwongo ni skuta. "Asubuhi ananiambia ameshiba, taa nne, tano. Tukienda ananiambia bado. Nikianza kupanda kilima taa zinaanguka zote kwa pamoja, halafu kimya. Nikikaa robo saa nikamwasha, taa nne zinarudi kama vile hakukutokea kitu."

Fundi yeyote akisikia maneno hayo ameshapewa nusu ya jibu. Nitayarudia baadaye. Kwanza nilitaka kujua kilichompata yeye, maana betri nazipima kwa mita lakini hofu haina mita.

Mara ya kwanza alikaa pale dakika hamsini. Vijana wanne walikuja kusaidia, wakasukuma, magurudumu yakagoma kuzunguka hata kidogo. Wakadhani gia zimekamatana. Mwishowe waliinyanyua mzima-mzima, kilo 80, wakaipeleka juu ya kilima huku yeye amekaa kwenye ukingo wa barabara akitazama. "Nilijiona mzigo," alisema, akageuka kutazama dirishani. Mara ya pili ilikuwa na betri mpya, miezi sita tu baada ya kununuliwa, na mvua ilikuwa inanyesha. Baada ya hapo hakutoka tena peke yake. Skuta ilikaa ukumbini, yeye akawa anasubiri mwanawe apate nafasi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mwanawe aliniambia kuna usiku alimkuta mama ameamka anawasha funguo kuangalia taa tu, azime, arudi kulala.

Muuzaji wa zile betri za pili alikuwa ameshampa jibu lake: matumizi mabaya. Nilichukia kukubaliana naye hata kwa robo.

Ile geji

Geji ya skuta nyingi haijui chaji iliyobaki. Inajua volti tu. Ni kama mtu anayetaka kujua tangi lina maji kiasi gani kwa kubonyeza mpira wa bomba wakati koki imefungwa. Mpira utakuwa mgumu, tangi liwe limejaa au limebaki robo. Ufungue koki ndipo utajua.

Betri kavu ya volti 12 iliyojaa vizuri na kupumzika husoma kama 12.8. Ikifika nusu husoma 12.2 hivi. Pengo lote kati ya kujaa na nusu ni sehemu sita za kumi za volti moja, na katika pengo hilo ndimo taa tano zinatakiwa kugawana kazi. Tena volti huanguka ukikanyaga mafuta, kama wasemavyo, na hupanda tena ukipumzika. Kwa hiyo geji inayotazamwa asubuhi mlangoni, skuta ikiwa imesimama, haisemi chochote cha maana. Inayotazamwa katikati ya mwendo, kwenye tambarare, inasema kidogo. Ya kuaminika ni ile unayoiona ukipanda, na hiyo mama aliiona na ilimwambia ukweli: taa zote chini. Mwongo alikuwa wa asubuhi.

Kwa mtu ambaye hajawahi kukwama maelezo haya ni habari ya kuvutia tu. Kwa mama yalikuwa kitu kingine. Alinikatiza: "Kwa hiyo si kwamba ilikuwa inanichezea?" Hapana, mama. Ilikuwa inakujibu swali ambalo hukuliuliza.

Nilichopima

Nilifunga mita mbili kwenye usukani kwa utepe mweusi. Moja ikasoma volti kwenye vichwa vya betri zenyewe, nyingine ikasoma volti zinazofika kwenye kontrola, ile sanduku inayogawa umeme kwa mota. Nikaongeza kibano cha kupimia ampea kwenye waya mkubwa. Mimi ni mwepesi kuliko mama, kwa hiyo nikaweka mfuko wa mchanga wa kilo 10 miguuni, tukaondoka, mwanawe nyuma yangu kwa baiskeli yake ya umeme.

Ikiwa imesimama: volti 25.3. Kwenye tambarare kwa kilomita 8 kwa saa ilikuwa inavuta ampea 7 na volti hazikushuka sana. Ukizidisha ampea kwa volti na kugawa kwa mwendo, hiyo ni kama wati-saa 21 za nishati kwa kila kilomita. Kisha kilima. Ampea 30. Kwenye vichwa vya betri volti 22.4, kwenye kontrola 21.6. Mita chache mbele ikashuka hadi 21, kontrola ikakata, breki ikajifunga kwa kishindo kidogo, kimya.

Nilikaa pale pale alipokaa mama. Mahali pabaya kweli. Magari yanakuja kutoka kona, na pembeni kuna mtaro.

Sasa hesabu, na hii ndiyo sehemu ambayo nataka mwenye skuta aisome mara mbili. Mita 300 za kilima kile kwa ampea 30 zinakula wati-saa 25 hivi. Yaani kilima kizima kinakula kama kilomita moja na robo ya tambarare. Ni kidogo mno. Safari yote ya mama, kilomita 9 na kilima ndani yake, inahitaji wati-saa 210 hivi. Betri zake zimeandikwa volti 24 kwa ampea-saa 36, ambayo ni wati-saa 864. Hata zingekuwa zimechakaa hadi nusu zingemfikisha nyumbani na kubaki. Kwa hiyo chaji haikuwa imeisha pale kilimani. Kilima hakikumaliza maji tangini. Kiliomba maji mengi kwa mkupuo na bomba likashindwa kupitisha.

Ndiyo maana baada ya robo saa taa nne zilirudi. Chaji ilikuwamo wakati wote.

Bomba lilikuwa limeziba mahali pawili. Pa kwanza palikuwa rahisi: ile tofauti ya volti 0.8 kati ya betri na kontrola. Nilifuata waya kwa kidole hadi kwenye plagi inayounganisha kasha la betri na mwili wa skuta, nikatoa kidole haraka. Inaunguza. Volti 0.8 kwa ampea 30 ni wati 24 za joto ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Nilipoifungua, plastiki upande mmoja ilikuwa imegeuka rangi ya kutu na kulainika kingo, na pini moja ya shaba imelegea, ina ukoko mweusi. Plagi ya namna hii huchoka kwa kuchomolewa na kuchomekwa, na kasha hili lilikuwa linatolewa kila mara kwenda kuchajiwa chumbani.

Nikabadilisha plagi. Skuta ikapanda kilima. Hapa ndipo kosa langu lilipokaribia kutokea, maana nilishaanza kukusanya vifaa. Imepanda, mama anatabasamu, mwanawe ananishukuru, nini tena? Kilichonizuia ni ile 22.4 kwenye vichwa vya betri. Betri za miezi saba hazipaswi kuanguka kiasi hicho kwa ampea 30. Nikaomba nikae nazo usiku mmoja.

Nilizitenganisha, nikajaza kila moja kwa chaja yake hadi mwisho, nikazitoa chaji taratibu kwa ampea 6 huku nikihesabu saa. Ya kwanza ilitoa ampea-saa 24. Ya pili ilitoa 13. Mpya ya aina hiyo ikitolewa chaji hivyo hutoa kama 30. Na zikiwa zimeungwa mfululizo, dhaifu ndiyo inayoamua. Pale kilimani ile ya 13 ilikuwa inaporomoka peke yake huku mwenzake akihema tu.

Hapo ndipo pa pili palipoziba: betri mbili za miezi saba, moja imebaki chini ya nusu. Hapo nikauliza swali ambalo ningepaswa kuuliza kwenye simu siku ya kwanza.

Nani alikufundisha kuchaji?

"Huyu hapa," mama akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Mimi nilikuwa nachomeka kila usiku, akanikataza. Akasema nitaziua. Nikawa nangoja taa zibaki mbili, nachaji mpaka zifike nne, nachomoa."

Kijana aliduwaa. "Mama, lakini ndivyo inavyotakiwa. Betri ya baiskeli yangu nafanya hivyo hivyo, ina miaka mitatu na bado nzuri."

Hajasema uongo. Baiskeli yake ina betri ya lithiamu: seli zimepangwa makundi kumi mfululizo, volti 36, ampea-saa 14, kama wati-saa 500. Betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa pomoni, hasa kwenye joto. Ukiiacha kati ya robo na robo tatu inazeeka polepole. Ukiiweka kabatini miezi miwili, nusu ndiyo salama yake. Kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaiumiza vibaya. Mtu aliyezoea hizo akijifunza kanuni moja, "usijaze", ataishi nayo vizuri.

Betri kavu ya skuta, ile ya risasi na asidi, tabia yake ni kinyume. Inapotoa umeme, salfeti hujipaka kwenye sahani za risasi ndani yake. Ikichajiwa mapema na kikamilifu, salfeti hiyo inayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ikiachwa, inaganda kuwa chembe ngumu ambazo chaja haiziondoi tena, na kila chembe ni kipande cha betri ambacho hakipo. Kibaya zaidi, sehemu ya mwisho ya kuchaji ndiyo inayochukua muda. Chaja ya ampea 5 hujaza sehemu kubwa kwa haraka, kisha hushikilia volti juu, 14.4 hivi kwa kila betri, huku ampea zikipungua kidogokidogo kwa saa kadhaa. Saa hizo ndizo anazoziona mtu kama upotevu, "mbona imeshafika taa nne", na ndizo zinazosafisha sahani. Mama alikuwa anachomoa kila mara kabla usafi haujaanza.

Zaidi ya hapo, betri mbili zinazochajiwa kwa chaja moja bila kufikishwa mwisho hazilingani. Moja inaachwa nyuma kidogo leo, kidogo tena kesho, mpaka mmoja wao anakuwa 24 na mwingine 13. Na ule muda ambao skuta ilikaa ukumbini kwa hofu, nusu imejaa? Ilimalizia kazi. Hofu ya betri iliiharibu betri.

Kwa hiyo muuzaji alikuwa sahihi kwa maneno mawili na amekosea kwa mengine yote. Matumizi yalikuwa mabaya, ndiyo. Lakini hakuna aliyemfungulia mama kijitabu, na ukurasa wenyewe wa kuchaji uko kwa herufi ambazo mimi nazisoma kwa miwani.

Sikumlaumu kijana. Ila nilimwonjesha na yeye kidogo. Njiani alikuwa amenieleza, kama jambo la kuchekesha, kwamba baiskeli yake siku hizi hukata ghafla geji ikiwa inaonyesha robo. Ndani ya betri ya lithiamu kuna bodi ya ulinzi inayotazama kila kundi la seli. Kundi moja likianguka chini ya kiwango, bodi inakata yote, hata kama makundi tisa yana chaji. Na bodi nyingi za kawaida husawazisha makundi hayo zinapokaribia kujaa tu. Asiyejaza kamwe hasawazishi kamwe. Nikamwambia aijaze mpaka mwisho mara moja kila baada ya wiki chache, aiache kwenye chaja saa mbili zaidi akiwa macho nyumbani, kisha arudi kwenye utaratibu wake. Hata kanuni nzuri ina siku yake ya kuvunjwa.

Hofu mbili tofauti

Kuna jambo nililolielewa nikiwa nimekaa pale kilimani, kijana akinizunguka na baiskeli. Yeye akiishiwa chaji anabaki na pedali. Kilo 25 za baiskeli ni nzito, atatoka jasho, atachelewa. Ndiyo basi. Kwake masafa ni swali la starehe: nitafika nikiwa nimechoka kiasi gani?

Mama akiishiwa chaji hana pedali. Ana mashine ya kilo 80 iliyojifunga breki, na hatua ishirini za magoti. Ndiyo maana ushauri wa mwanawe, "mama, ikizima si unapiga simu tu", ulikuwa unamuudhi bila yeye kuweza kusema kwa nini. Neno ni moja, masafa, lakini kila mmoja alikuwa anasema kitu chake. Na betri kubwa isingeondoa hofu ya mama, kwa sababu hakuwa anaogopa kilomita. Alikuwa anaogopa kona ile, mtaro ule, na kunyanyuliwa.

Tukaanzia hapo, kabla betri mpya hazijaja.

Kwanza, breki. Skuta za aina hii zina breki inayojifunga kwa springi na kufunguliwa kwa umeme. Umeme ukikosekana, inafunga. Ni jambo jema: bila hivyo skuta iliyozima kilimani ingerudi nyuma na mtu juu yake. Wale vijana wanne walikuwa wanasukuma dhidi ya breki. Nyuma, chini ya kiti, kuna mkono mdogo, mara nyingi mwekundu au wa njano, unaoifungua breki hiyo bila umeme. Ukivutwa, skuta inasukumika na mtu mmoja kwenye tambarare. Mama alikuwa na skuta hii karibu miaka miwili na hajawahi kuuona. Nikamfundisha pamoja na onyo lake: mkono ukivutwa hakuna breki tena, kabisa. Kilimani hauvutwi mpaka watu wawili wawe wameshika, mmoja kila upande, na mama ikiwezekana ameshuka. Nikabandika karatasi nyuma ya kiti kwa herufi kubwa, ili msaidizi asome bila mama kulazimika kupiga kelele.

Pili, kitufe cha mwendo. Upande mmoja kina picha ya kobe, upande mwingine sungura. Mama alikuwa anapanda kilima kwa sungura, akiamini kwamba nguvu zaidi ndiyo itamvusha. Kwa kobe, kilomita 4 kwa saa, ampea kutoka kwenye betri zilishuka kutoka 30 hadi 17. Mteremko ni uleule, mama ni yuleyule, lakini bomba halizidiwi. Hadithi ya kobe na sungura tunaijua sote tangu utotoni. Hii ni mara ya kwanza naiona kwenye mita. Ila isitumike kupita kiasi: kwenye mwinuko mkali na mrefu sana mota inapata joto hata kwa mwendo wa kobe, na hapo ni kupumzika njiani.

Tatu, tulipita njia nzima kwa miguu, mimi na kijana, tukitafuta mahali pa kukwama. Nasema kwa makusudi: pa kukwama. Palipo tambarare, pana kivuli, panaonekana na magari, simu inashika. Tulipata sita. Moja ni mita 40 kabla ya kilima, chini ya mti. Utaratibu wa mama ukawa kusimama hapo, aweke kobe, aanze kupanda akiwa anatazama taa. Zikianguka zote ndani ya mita kumi za kwanza, anageuka na kurudi chini ya mti.

Kilomita 24

Betri mpya zilikuwa za ampea-saa 36 zilezile, mbili kwa pamoja. Kubadilisha moja tu ni kumfunga ng'ombe mzima na mgonjwa kwenye nira moja. Kijana bado alitaka kubwa zaidi. Nikamwonyesha kasha: hazingii, na hata zingeingia, chaja ile ingehitaji usiku na nusu kuzijaza, na tungerudi palepale pa kuchomoa kabla ya wakati.

Betri za aina hii hazitoi nguvu zake zote siku ya kwanza. Huhitaji kujazwa na kutumiwa mara kadhaa. Tukangoja wiki mbili. Kisha tukafanya jaribio ambalo namshauri kila mwenye skuta alifanye: kuzunguka karibu na nyumbani, duara moja baada ya jingine, bila kuwa mbali zaidi ya mita 600 na mlango, huku ukihesabu kilomita. Mama aliendesha mwenyewe. Kijana alikuwa nyuma yake, mimi nimekaa kibarazani na daftari. Tulisimamisha taa zilipobaki mbili akiwa kwenye mwendo. Kilomita 24.

Kijitabu kilisema 35. Hakikudanganya sana. Kipimo cha kimataifa cha kazi hii, ISO 7176-4, chenyewe kinayaita masafa hayo ya kinadharia, na ukisoma vizuri utaona neno hilo limewekwa kwa uaminifu. Betri mpya, ardhi ngumu sawasawa, mwendo usiokatika. Hakuna kusimama kumsalimu mtu na kuondoka tena, na matairi yamejaa upepo. Tairi laini, kwa njia, ni mwizi wa kimyakimya. La mama lilikuwa limepungua nusu na hakuna aliyekuwa analitazama kwa kuwa kila mtu alikuwa anatazama betri.

"Hizo 24 ni zangu?" mama akauliza.

Nikamwambia ahesabu 15. Baridi ikikaribia nyuzi sifuri betri hizi hupoteza kama moja ya tano, na uzee wa kawaida utachukua sehemu nyingine kama hiyo kabla hazijastahili kubadilishwa. Safari yake ni 9. Akabaki anahesabu kwa vidole, akanyamaza, akaanza kucheka peke yake. Muda wote huo betri nzima zingemtosha kwa umbali ambao hakuwahi kuukaribia.

Chaja anaibeba kikapuni akienda kwa mdogo wake. Saa moja kwenye soketi inampa kilomita tano hivi, na mazungumzo yao hayajawahi kuisha kwa saa moja. Nyumbani anachomeka kila anaporudi, hata akiwa ametoka kidogo tu, na hachomoi mpaka asubuhi.

Miezi mitano baadaye nilizipima tena. 12.8 na 12.8. Kwa ampea 30 kilimani, 24 na kidogo kwenye vichwa, na mita ya pili chini yake kwa tofauti isiyofaa kuandikwa.

Wiki chache baada ya hapo simu yangu ililia mchana. Mama. "Imezima," alisema, na mimi nikasimama. "Niko chini ya mti, tambarare. Taa ya kwenye usukani inawakawaka, inapumzika, inawakawaka tena. Nimesoma kile kikaratasi chako: ni ule mkono wa nyuma. Nadhani mtoto wa mdogo wangu, niliyekuja naye, ameuvuta akicheza hapa."

Nikamwambia atafute mtu aurudishe.

"Nishamwomba kijana mmoja, yuko anainama hapa. Wewe nimekupigia tu nikuulize, ukisharudishwa, nianze kwa kuzima funguo au niache hivihivi?"

Zima kwanza, mama. Kisha washa.